Milima Yenye Rangi, Ardhi Yenye Njaa

Safari ya siku moja katika bonde la Humahuaca hupangwa na jua. Kijiji cha Purmamarca lazima kifikiwe asubuhi, maana Kilima cha Rangi Saba kilicho mgongoni mwake hung'aa jua likiwa bado changa, na ikifika mchana rangi hupauka. Safu ya Hornocal, iliyo juu zaidi na mbali zaidi, huachiwa alasiri, mwanga unapoipiga usoni. Ndiyo sababu minibasi za watalii huondoka mjini Salta alfajiri, abiria wakisinzia vichwa vimeegemea vioo. Waliolala San Salvador de Jujuy, ulio karibu zaidi, hupata muda kidogo wa kumalizia usingizi.

Bonde lenyewe lipo kaskazini magharibi mwa Ajentina, katika jimbo la Jujuy. Lina urefu wa kilomita 155 hivi, jembamba, likifuata Río Grande kupanda kuelekea nyanda za juu za Bolivia. Watu wamelitumia kama njia kwa miaka 10,000: wawindaji, misafara ya lama iliyobeba chumvi, majeshi ya Inka, nyumbu wa Wahispania, kisha askari wa vita vya uhuru waliolipita huku na huko katika karne ya 19. Mwaka 2003 UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa dunia, na tangu hapo barabara namba 9 imepata wapitaji wa aina nyingine, wenye kamera na kofia mpya.

Purmamarca iko kwenye mwinuko wa mita 2,300 hivi. Ni mitaa michache ya vumbi, nyumba za matofali mabichi zilizoezekwa matete na udongo, uwanja wenye miti, na kanisa dogo jeupe la Santa Rosa lenye mwaka 1648 juu ya mlango wake. Nyuma ya mapaa hayo ndipo kilima kinapojitandaza. Mwongoza wageni hueleza wekundu ni wa udongo wenye chuma, weupe ni wa chokaa, kijani ni cha mawe yenye shaba, kahawia ni ya manganizi, na kila tabaka lina umri wake, mengine yakihesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Watoto wa kijijini wana maelezo mafupi zaidi. Kilima kilikuwa kijivu, na watoto wa zamani walichoshwa na ukijivu huo. Usiku saba mfululizo walitoroka vitandani, wakapanda na rangi zao, wakarudi asubuhi wamepakaa mikono na nguo. Watalii hutabasamu wakisikia hadithi hiyo, kisha hununua sweta.

Soko la uwanjani linapendeza, ila si kila kinachouzwa pale kimefumwa pale. Vitambaa vingi vyenye mistari mikali vimevuka mpaka kutoka Bolivia, vimetengenezwa kwa mashine. Anayetaka kitu cha bonde aulize sufu ya lama isiyotiwa rangi, yenye weusi, ukijivu na hudhurungi ya mnyama mwenyewe, na asishangae bei. Kando ya kanisa kuna mti mkongwe wa algarrobo ambao wenyeji huuhusisha na Viltipoco, mkuu wa Waomaguaca aliyepanga kuwafukuza Wahispania akakamatwa mwaka 1594. Watalii wengi huupiga mti picha kwa kivuli chake tu.

Gari linaendelea kaskazini. Maimará hupitwa bila kusimama, nayo ni hasara, kwani makaburi yake yapo juu ya kilima kando ya barabara, yamepangwa ngazi kwa ngazi kama kitongoji cha pili. Tarehe 1 na 2 Novemba familia za bonde hili huwaandalia marehemu wao meza: chakula walichokipenda, kinywaji walichokipenda, na mikate iliyofinyangwa kwa umbo la malaika, la ndege, la ngazi ya kupandia mbinguni. Marehemu wanakuja kula, kwa hiyo chakula hakipaswi kuwa cha kubahatisha. Kama babu alikuwa mtu wa bia, huwekewa bia. Tarehe 2 watu hupanda makaburini na maua ya karatasi.

Tilcara ina Pucará, ngome ya mawe iliyojengwa karne nyingi kabla ya Wainka kulishika bonde. Ilianza kufukuliwa mwaka 1908 na Juan Bautista Ambrosetti pamoja na mwanafunzi wake Salvador Debenedetti. Kuta zilizosimama leo nyingi ni za kujengwa upya, na katikati yake kumewekwa piramidi ya kuwakumbuka wataalamu hao, yenye sura ya Meksiko kuliko ya Andes. Wenyeji wamelalamika kwa miaka mingi kwamba mnara wa wachimbaji umekaa juu ya nyumba za waliochimbwa, na ni vigumu kuwakatalia.

Uquía husimamiwa dakika chache kwa ajili ya kanisa la mwaka 1691, ambamo malaika waliochorwa wamevaa kofia za manyoya na mashati ya kifahari, mikononi wameshika bunduki. Baada ya hapo dereva hukanyaga mafuta. Saa sita kamili mlango wa mnara wa jengo la manispaa ya Humahuaca hufunguka, sanamu ya Mtakatifu Francisco Solano hutoka, huinua mkono, hubariki uwanja mzima na kurudi ndani. Tukio zima halifiki hata muda wa kumaliza sigara, na atakayechelewa asubiri kesho.

Chakula cha mchana huliwa Humahuaca: nyama ya lama iliyochemshwa hadi kulainika, kinoa, na viazi vidogo vya zambarau na njano. Mwanamuziki wa mgahawani atapiga charango, na kwa vyovyote atapiga wimbo unaoitwa El humahuaqueño, uliotungwa na Edmundo Zaldívar, mtu wa Buenos Aires. Mji huu ulikuwa na mtunzi wake hasa, mwalimu wa shule Ricardo Vilca, aliyefariki mwaka 2007, ambaye muziki wake ni wa polepole na hauwasaidii watu kumeng'enya chakula.

Kutoka hapo safari hubadilika. Wageni wengi huhamishwa kwenye magari ya wenyeji, madogo na imara, kwa ajili ya kilomita 25 za barabara ya changarawe. Humahuaca iko karibu mita 3,000. Kituo cha kutazamia Hornocal kiko mita 4,350. Anayeujua Mlima Kilimanjaro atapima mwenyewe: ni juu kuliko kambi ya Horombo, inayofikiwa kwa siku mbili za mguu na wapagazi wakihimiza watu waende pole pole. Hapa mtu anapanda kwa muda wa saa moja hivi, amekaa kwenye kiti, tumbo limejaa lama. Kichwa huanza kugonga, midomo hukauka, na anayetoka garini kwa kukimbia ili awahi picha hujikuta ameshika magoti.

Dawa ya dereva imo kwenye mfuko wa plastiki wa kijani: majani ya koka. Anayachukua machache, anayaweka shavuni, anaongeza chembe ya magadi, anaacha utomvu utoke taratibu. Aliyekulia pwani atakumbuka tambuu, maana huko nako jani bila chokaa halina kazi. Kikolezo hicho ndicho hufungua kilichomo ndani ya jani. Wageni huuliza kwa kunong'ona kama ni halali. Ni halali: sheria ya Ajentina ya dawa za kulevya, namba 23.737 ya mwaka 1989, inasema wazi kwamba kuwa na majani ya koka ya asili kwa ajili ya kutafuna au kuchemsha kama chai hakuhesabiwi kuwa kosa. Wachimba madini hutafuna, wachungaji hutafuna, na katika miji ya Jujuy na Salta hata wanasheria hutafuna.

Kabla ya kuweka jani mdomoni, madereva wengine huteremka kwanza na kuacha machache chini, chini ya jiwe. Kwenye kilele cha njia kuna rundo la mawe linaloitwa apacheta, lililokuzwa na wapita njia, kila mmoja akiongeza jiwe lake. Aliyefika juu salama ameomba njia kwa mwenye nayo, na mwenye nayo ni Pachamama, Mama Ardhi. Mgeni anayedhani ni mapambo ya kupigia picha akachomoa jiwe zuri la kumbukumbu, hutazamwa kwa namna ambayo haihitaji mkalimani.

Hornocal yenyewe huonekana ghafla, upande wa pili wa korongo: safu ndefu ya miamba iliyokunjwa kwa pembetatu, moja juu ya nyingine, nyekundu, njano, zambarau, kijani. Ni mashapo ya chokaa ya zama za dinosaria, yalilala bapa hadi Andes ilipoyasukuma yakasimama. Ada ya kuingia hukusanywa na jamii ya wenyeji wenye ardhi ile. Watu hukaa pale nusu saa, kwa sababu ya baridi na kichwa, kisha hushuka.

Hapo ndipo ratiba inapoishia, na desturi yenyewe ya bonde haijaonekana. Mgeni ameona meza tupu.

Meza hiyo huandaliwa Agosti. Wenyeji, wengi wao Wakolla na Waomaguaca, husema mwezi huo ardhi iko wazi na ina njaa: baridi inaondoka, mashamba yamelala, mbegu bado hazijaingia. Kabla ya kuiomba chochote lazima ilishwe. Kuanzia tarehe 1 na kuendelea mwezi mzima, kila familia huchagua siku yake na kuwaita majirani. Nyumba hufukizwa moshi wa majani yanayonukia, kila chumba, na zizi pia. Uani hufunguliwa shimo, mara nyingi palepale pa mwaka uliopita. Waliohudhuria hupiga magoti wawili wawili na kutoa kwa mikono yote miwili: majani ya koka, chicha ya mahindi, divai, nyama iliyopikwa, mahindi, viazi. Sigara huwashwa na kusimamishwa udongoni zivutike zenyewe. Hakuna anayetoa makombo. Mama Ardhi hula kwanza, tena hula vilevile watakavyokula wenye nyumba. Mwishoni shimo hufunikwa kwa udongo na mawe, hutupiwa karatasi za rangi, na watu hukaa kula.

Jumapili familia hiyohiyo huenda misa. Mapadre wa zamani walilipiga vita tambiko hili, na wakashindwa. Wiki Takatifu huonyesha jinsi pande mbili zilivyopatana: bendi za wapiga sikuri, filimbi za matete, hupanda milimani hadi Punta Corral na kumteremsha Bikira wa Copacabana kwa miguu hadi Tilcara, wakipiga njia nzima.

Halafu kuna kanivali. Jumamosi kabla ya Jumatano ya Majivu, kila kundi la wachezaji hupanda kwenye rundo lake la mawe na kumfukua shetani, sanamu ndogo iliyozikwa mwaka mzima. Huyu si yule wa mahubiri. Ni Pujllay, bwana wa mchezo, na ujio wake unaangukia wakati mahindi ya kwanza yanaanza kukomaa. Watu hupakana unga usoni, huchomeka mrehani sikioni, huvaa mavazi ya kishetani yaliyoshonewa vioo na kengele, na hubadilisha sauti ili hata jirani asiwatambue. Makundi huzunguka nyumba kwa nyumba, na aliyewaalika hulisha na kunywesha wote. Jumapili inayofuata shetani hurudishwa shimoni pamoja na koka, sigara na pombe yake ya mwaka, watu wakilia machozi ya kweli. Kwaresima imeshaanza siku nne nyuma, jambo ambalo hakuna anayeonekana kulitilia maanani.

Ardhi inayolishwa hivi ndiyo pia inayogombewa. Baada ya mwaka 2003 bei ya viwanja Purmamarca na Tilcara ilipanda, hoteli zikajengwa na watu wa mbali, na familia zilizoishi pale vizazi na vizazi bila hati zikajikuta zinaulizwa karatasi. Madai yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1946 wenyeji wa nyanda hizi walitembea hadi Buenos Aires kudai mashamba yao, katika maandamano yaliyoitwa Malón de la Paz. Rais Juan Perón aliwapokea, na wiki chache baadaye wakapakiwa kwenye treni kwa nguvu na kurudishwa.

Juni 2023, serikali ya jimbo ilipobadilisha katiba, jamii za wenyeji ziliona haki zao za ardhi na maji zimeguswa, hasa wakati kampuni za lithiamu zinapotafuta chumvi za nyanda za juu. Walifunga barabara penye njia panda ya Purmamarca, palepale minibasi zinapopindia kwenda Kilima cha Rangi Saba, na polisi wakawatawanya kwa risasi za mpira. Wakaandaa Malón mwingine, wa tatu katika historia. Msafara uliingia Buenos Aires tarehe 1 Agosti, siku ya kulisha ardhi, na washiriki wakapiga kambi miezi kadhaa katika uwanja wa Lavalle, mbele ya Mahakama Kuu ya nchi.