Mtawa wa Kibudha wa Entebbe na Maji ya Majirani

Ndugu zetu wana vikundi, tunajua baadhi yenu mtashtuka. Mmezoea tuwaandikie juu ya mbolea, mbuzi wa maziwa na vitabu vya hesabu, na leo tunawaletea mtawa wa Kibudha. Msiitupe karatasi bado. Mtu huyu si wa mbali. Ni Mganda, alilelewa katika familia ya Kikatoliki, na kazi yake iko karibu na Ziwa Victoria, mahali ambapo mtu akitoka Misikhu alfajiri anaweza kufika kabla ya usiku.

Jina lake la nyumbani ni Steven Kaboggoza, alizaliwa mwaka 1966. Jina la utawa ni Buddharakkhita, maana yake ni aliyelindwa na Buddha. Wenyewe humwita Bhante Buddharakkhita. Neno "Bhante" ni la heshima, kama sisi tunavyosema Padre au Bruda.

Kwanza tueleze Wabudha ni akina nani, maana swali hilo huulizwa sana. Ni wafuasi wa Buddha, mtu aliyeishi upande wa India karibu miaka 2,500 iliyopita. Alizaliwa katika nyumba ya watawala, akaacha starehe zote akaenda kutafuta kwa nini binadamu anateseka. Mafundisho yake yalienea Sri Lanka, Burma, Thailand, China, Japani na kwingine. Wakatoliki wenye wasiwasi tunawakumbusha kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, uliwataja Wabudha kwa heshima na kuhimiza waamini kuzungumza na kushirikiana na watu wa dini nyingine. Kujifunza kazi njema ya jirani hakumtoi mtu katika imani yake.

Basi Kaboggoza alifikaje huko? Mwaka 1990 alikwenda India kusoma mambo ya biashara katika mji wa Chandigarh. Kule alikutana na watawa wawili vijana kutoka Thailand, nao ni wanafunzi kama yeye, wakawa marafiki. Hakuhubiriwa kwa kipaza sauti. Aliona tu jinsi wanavyoishi, utulivu wao, akaanza kuuliza maswali. Alizunguka nchi za Asia miaka kadhaa, na huko Thailand alifanya kazi ya kuongoza watu wanaozamia baharini. Fikiria wazazi wake nyumbani! Umemtuma kijana asome biashara, kumbe yuko chini ya maji na samaki. Mwaka 1999 alikwenda Marekani kufuata mafunzo ya kutafakari, na mwaka 2002 akapokewa utawani huko California, chini ya mwalimu mzee kutoka Burma aitwaye U Silananda. Baadaye aliishi miaka mingi katika nyumba ya watawa ya West Virginia, kwa mwalimu Henepola Gunaratana wa Sri Lanka, akisoma na kufundisha.

Yeye ni mwandishi pia. Kitabu chake kinachojulikana zaidi ni Planting Dhamma Seeds, yaani kupanda mbegu za Dhamma, na Dhamma ni mafundisho ya Buddha. Humo anasimulia jinsi Ubudha ulivyoanza kuota katika Afrika. Lakini tusikae sana kwenye vitabu, kwa maana kilichotuvuta sisi ni kazi ya mikono.

Mwaka 2005 alianzisha Kituo cha Wabudha cha Uganda, huko Garuga, kando ya barabara ya Entebbe. Hebu jiweke katika nafasi ya majirani. Anakuja mtu mweusi kama wewe, kichwa kimenyolewa, amejifunga kitambaa cha rangi ya udongo, amebeba bakuli kubwa lenye mfuniko. Wengine walidhani ni Mmaasai. Wengine walidhani ni mganga. Bakuli lenyewe liliwatia watu mashaka, kumbe ni la chakula tu. Tunaoishi Bungoma na Trans Nzoia tunajua maneno kama haya yanaweza kumfikisha mtu wapi. Mtu amefanikiwa kidogo, au anakaa peke yake, au amerudi na tabia ngeni, mara moja utasikia wanasema ana vitu. Wazee wamepoteza mashamba, hata maisha, kwa sababu ya minong'ono ya namna hiyo.

Mtawa huyu hakujibu kwa kugombana. Alikaa, akaeleza, akaacha watu waingie waone wenyewe. Mama yake mzazi ndiye aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kumsaidia, na baadaye naye aliingia utawani akaitwa Dhammakami. Mama wa Kiganda, mtu mzima, ananyoa nywele na kumfuata mwanawe! Kwetu mambo haya kwa kawaida huenda kinyume.

Sasa kuna jambo moja ambalo tungependa vikundi vilifikirie sana. Watawa wa njia hii wana kanuni 227. Hawashiki fedha. Hawali chakula kigumu baada ya saa sita mchana. Hawajipikii wala hawaweki chakula cha kesho. Wanakula tu kile walichopewa mkononi siku hiyo. Katika nchi za Asia mtawa hutoka asubuhi na bakuli lake, anapita kimya bila kuomba, na akina mama wanamwekea wali. Mwenye kutoa ndiye anayesema asante, kwa sababu amepata nafasi ya kutenda wema.

Huku kwetu ni kinyume kabisa. Mtu akisikia kuna mradi umeletwa na mtawa kutoka ng'ambo, swali la kwanza ni: atatupa nini? Tumeuliza swali hilo kwa wamisionari miaka mingi, tukalizoea. Kumbe hapa amekuja mtu ambaye kwa kanuni yake hawezi hata kununua mkate, anayehitaji jirani ampe ndipo ale. Kwa watu wa Uganda hilo lilikuwa geni, na hata kwetu lingekuwa geni. Sisi tunaona lina faida. Mahali ambapo kila mmoja anatoa na kila mmoja anapokea, hakuna anayebaki kuitwa maskini wa mradi.

Tuje kwenye maji. Eneo lile liko karibu na ziwa kubwa kuliko yote Afrika, lakini maji ya ziwa na ya chemchemi za wazi si salama. Kukaa kando ya maji si kuwa na maji. Watu wa karibu na mto Nzoia wanatuelewa. Kituo kilichimba kisima kirefu, na majirani wanateka pale. Haulizwi mtu dini yake. Mkristo, Mwislamu, asiyesali popote, wote wanakuja na mitungi. Kituo kimesaidia pia watoto katika mambo ya shule, kimefundisha akina mama shughuli za kujipatia riziki, na kina shule ya watoto wadogo.

Kisima ndicho kilichofungua mlango. Minong'ono ya uganga haiwezi kuishi muda mrefu mahali ambapo mama anateka maji kila asubuhi na kumwona yule "mganga" anafagia uwanja.

Vikundi vyenye ndoto ya kisima tunaomba visome hapa polepole. Kisima chochote, awe amechimba Mbudha au Mkatoliki, kinashindwa kwa sababu zile zile. Choo kikiwa karibu kinaingiza uchafu. Acheni angalau mita 30, na choo kisiwe upande wa juu wa mteremko. Pampu ya mkono inatosha watu kama 250 hadi 300, mkizidi hapo foleni italeta vita na pampu itachoka upesi. Raba za ndani ya silinda zinaisha, si kwa laana, ni kwa kazi. Pampu ya Afridev, ambayo mnaiona sehemu nyingi za Kenya, ilitengenezwa makusudi ili wanakijiji waweze kuifungua na kubadilisha raba wenyewe. Ilianzia Malawi, ikaboreshwa hapa Kenya miaka ya 1980, na kule Kwale akina mama walifundishwa kuitengeneza. Kwa hiyo msiseme lazima tusubiri fundi wa kaunti. Kateni mchango mdogo kila mwezi, hata shilingi kumi kwa nyumba, mweka hazina aandike, na vipuri vinunuliwe kabla pampu haijafa.

Wengine watauliza kama Wabudha kwa kawaida hufanya kazi za namna hii, au kama watawa wao hukaa tu wakitafakari. Wako wa aina zote, kama kwetu. Mfano mkubwa ni wa Sri Lanka, na aliyeuanzisha hakuwa mtawa bali mwalimu wa shule ya Nalanda huko Colombo, A. T. Ariyaratne. Mwaka 1958 aliwachukua wanafunzi wake wakaenda kukaa na kufanya kazi katika kijiji cha Kanatoluwa, kijiji cha watu waliobaguliwa kwa sababu ya ukoo. Watoto wa mjini walichimba visima na vyoo pamoja na watu ambao wazazi wao wasingekubali hata kunywa maji yao. Kazi hiyo waliiita Shramadana, yaani sadaka ya jasho. Sisi tungesema harambee, ila harambee ya jembe, si ya bahasha.

Chama chake, Sarvodaya, kilienea katika vijiji zaidi ya 15,000, na watawa wa vijijini mara nyingi walikuwa wa kwanza kuwaita watu kazini. Katika mikutano yao wote huketi pamoja na kuitana mama, baba, kaka, dada, bila cheo. Mkopo au mradi wa fedha haukuja kwanza. Kwanza watu walifanya kazi pamoja, halafu wakaunda vikundi vya akina mama, vya vijana na vya wakulima, kisha kijiji kikaandikisha chama chake, ndipo zikaja akiba na mikopo. Hapa kwetu wengi hukimbilia kuandikisha kikundi leo ili kupata fedha kesho, na majina mengine kwenye orodha ni ya watu ambao hawajawahi kushika jembe pamoja. Ariyaratne alifariki Aprili 2024, akiwa na miaka 92.

Turudi Garuga. Tukiwa wakweli, kuna jambo linalotupa wasiwasi kidogo. Kazi kubwa ikianzishwa na mtu mmoja mwenye marafiki wengi ng'ambo, mara nyingi inasimama kwa miguu yake peke yake. Tumeona zahanati na vinu vikifungwa wiki ile mwanzilishi alipohamishwa. Mtawa huyu anaonekana analijua hilo, kwa sababu ameanza kulea vijana wa Kiafrika katika unovisi, waimbe sala zile, wasome, na washike kazi. Itachukua miaka. Mtawa haivi kwa semina ya siku tatu.

Kikundi kinachotaka kwenda kujionea kinaweza kujipanga. Mnashuka Webuye, mnapita Malaba, Tororo na Jinja hadi Kampala, halafu mnashika barabara ya Entebbe. Mkenya anavuka mpaka kwa kitambulisho tu, lakini peni taarifa kabla, msifike kama jeshi. Viatu vinaachwa mlangoni mwa hekalu. Mkibeba zawadi ya chakula, ndizi au mahindi ya kuchemsha ni sawa, ila hakikisheni imefika kabla ya saa sita, kwa maana baada ya hapo itabidi mle wenyewe.