Rangi ya skrini si rangi ya karatasi

MSIBA unapobisha hodi katika familia ya Thika au Ruiru, mojawapo ya kazi za mwanzo ni kutayarisha programu ya mazishi. Kijana wa nyumba hiyo huketi kwenye kompyuta, akaipanga kwa Word na kuweka picha ya marehemu yenye nuru. Nakala zinapotoka dukani jioni ya kuamkia mazishi, uso umeingia giza na kichwa cha buluu kimegeuka zambarau. Pesa zimekwisha kulipwa.

Lawama humwangukia mwenye duka, ilhali aghalabu hana hatia.

Skrini huunda rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mianga hiyo mitatu ikiwaka kikamilifu pamoja, jicho huona weupe. Printa haina mwanga. Hiyo hutandaza wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi juu ya karatasi, na kila tone hupunguza mwanga unaorudi machoni. Hivyo basi, zipo rangi, hasa buluu kali na kijani king'aacho, ambazo skrini huzimudu lakini wino hauziwezi. Printa hulazimika kuteua rangi iliyo karibu.

Word, Excel na PowerPoint hutunza rangi kwa hesabu ya mwanga. Kuzigeuza kuwa wino ni kazi ya programu inayoendesha printa, na kila aina ya printa ina ukalimani wake. Ndiyo maana faili moja ikichapishwa Ruiru, kisha Thika, huweza kutoa sura mbili.

Mambo manne yatakuepusha na hasara.

Kwanza, punguza mwangaza wa skrini kabla ya kurekebisha picha. Skrini inayowaka mno hukufanya uamini kwamba picha ina nuru ya kutosha.

Pili, peleka dukani faili ya PDF badala ya ile ya Word. Haitaongeza uwezo wa wino, lakini itazuia herufi na mpangilio kuvurugika.

Tatu, hakikisha aina ya karatasi iliyochaguliwa katika kompyuta ndiyo iliyo mashinini. Karatasi ya kawaida hunyonya wino wa maji na kufifisha rangi; ile ya picha huushikilia juu.

Nne, chapisha nakala moja kwa mashine na karatasi zilezile, kisha uitazame kwenye mwanga wa mchana.

Wanafunzi wa Juja, katikati ya miji hii miwili, wana tahadhari yao. Word hugeuza anwani za intaneti kuwa za buluu, na mashine nyingi huhesabu ukurasa wenye neno moja la buluu kuwa wa rangi. Kurasa za marejeleo za tasnifu zichapishwe kwa wino mweusi pekee.

Nakala moja ya majaribio ni gharama ndogo. Kuchapisha upya nakala zote usiku wa matanga ni mzigo juu ya mzigo.