Kocha wa softiboli hazaliwi, hufunzwa

Na Mwandishi Wetu

KATIKA miji mingi ya Marekani, timu za softiboli za watoto haziongozwi na makocha wa kulipwa, bali na wazazi. Baba au mama humpeleka binti yake kujiandikisha, huelezwa kwamba timu haina kocha, na kabla ya kuondoka uwanjani huwa amekwisha kukabidhiwa mfuko wa mipira, magongo na orodha ya watoto 12.

Wengi wa wazazi hao walicheza softiboli, au ndugu yake besiboli, walipokuwa shuleni, na hudhani kwamba hilo linatosha. Baada ya mazoezi mawili au matatu hugundua kwamba kuujua mchezo ni jambo moja, na kuufundisha ni jambo jingine kabisa.

Pengo hilo ndilo lililozaa kliniki za makocha, yaani mafunzo ya muda mfupi ambapo wakufunzi wenye uzoefu huwafundisha makocha wapya namna ya kufundisha. Makala haya yanaeleza mafunzo hayo hutoa nini, na kwa nini kuyakosa kunaweza kumgharimu mtoto bega lake au mapenzi yake kwa michezo.

Mchezo wenyewe

Softiboli ilianzia Chicago mwaka 1887 kama besiboli ya kuchezwa ndani ya ukumbi wakati wa baridi. Timu mbili za wachezaji tisa tisa hupokezana kupiga na kulinda kwa awamu saba. Mrushaji hurusha mpira kwa mpigaji mwenye gongo, naye mpigaji akiupiga hukimbia kuzizunguka besi ili apate pointi.

Tofauti kubwa na besiboli ni kwamba katika softiboli mpira hurushwa kwa mkono unaopita chini, karibu na nyonga. Katika mashindano ya kimataifa ya wanawake mrushaji husimama mita 13.11 kutoka kwa mpigaji, ilhali katika besiboli ya watu wazima umbali ni mita 18.44. Kwa hiyo mpira wa softiboli unaorushwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa humfikia mpigaji mapema mno kuliko mtazamaji anavyodhani.

Jina lenyewe, lenye maana ya mpira laini, linapotosha, kwani mpira wa siku hizi si laini hata kidogo.

Kinachofundishwa

Kliniki nzuri haianzi na mbinu za kushinda. Huanza na mambo yanayoonekana madogo: namna ya kushika mpira, namna ya kusimama wakati wa kuusubiri mpira unaoviringika chini, na mahali pa kuelekeza mguu wakati wa kurusha. Mkufunzi huligawa kila tendo katika hatua, kisha huwataka makocha wenyewe wazifanye hatua hizo mbele ya wenzao.

Sababu ya kufanya hivyo ni kwamba mtu aliyezoea kurusha mpira tangu utotoni hajui tena anarushaje, kwa kuwa mwili wake umeshakariri. Anapomwambia mtoto "rusha kama mimi", hajamfundisha kitu. Akilazimika kulifanya tendo polepole, hatua kwa hatua, huanza kuona ni wapi mtoto anapokwama.

Aidha, makocha hufundishwa kupanga mazoezi. Kosa la kawaida la kocha mpya ni kuwapanga watoto 12 katika mstari mmoja, mmoja akipiga na 11 wakisubiri, ambapo mtoto anaweza kumaliza saa nzima akiwa ameugusa mpira mara tano tu. Wakufunzi hushauri timu igawanywe katika vituo vitatu au vinne, kimoja cha kurusha, kingine cha kudaka, kingine cha kupiga, na kila kundi lihame baada ya dakika 10 au 15.

Vyombo vinavyotoa mafunzo haya nchini Marekani ni pamoja na USA Softball, yenye makao makuu Oklahoma City, na chama cha makocha kijulikanacho kwa kifupi NFCA, ambacho huendesha kozi maalumu kwa makocha wa ngazi mbalimbali.

Ushahidi wa saa chache

Msomaji anaweza kuuliza: je, kikao cha saa chache kinaweza kweli kumbadilisha kocha?

Jibu limo katika utafiti ulioanzia Chuo Kikuu cha Washington, ambako wanasaikolojia Ronald Smith na Frank Smoll waliwachunguza makocha wa besiboli ya watoto. Makocha wa kundi moja walipewa kikao kifupi kabla ya msimu kuanza. Walifundishwa kupongeza juhudi na si matokeo peke yake, kumtia moyo mtoto anapokosea na kumwonyesha la kufanya, na kuacha kabisa adhabu na kejeli. Makocha wa kundi jingine hawakupewa mafunzo hayo.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1979 yalionyesha kwamba timu za makocha waliofunzwa hazikushinda mechi nyingi zaidi ya zile nyingine. Hata hivyo, watoto wao waliwapenda zaidi makocha na wachezaji wenzao, na wale waliokuwa wakijidharau walianza kujiamini.

Utafiti mwingine wa aina hiyo, uliochapishwa mwaka 1992, ulifuatilia ni watoto wangapi walirudi uwanjani msimu uliofuata. Katika timu za makocha wasiofunzwa, asilimia 26 ya watoto waliacha kucheza. Katika timu za makocha waliofunzwa, walioacha walikuwa asilimia 5 tu.

Ingawa takwimu hizo ni za besiboli ya wavulana, funzo lake limechukuliwa na wakufunzi wa michezo mingi, ikiwamo softiboli. Kocha anayepima kazi yake kwa vikombe peke yake anaweza kushinda leo na kukosa wachezaji mwakani.

Bega la mrushaji

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kurusha mpira kwa mkono wa chini hakuna madhara. Kwa imani hiyo, timu zilimtegemea mrushaji mmoja hodari na kumpanga kila mechi, Jumamosi na Jumapili.

Vipimo vya kitaalamu vimeikanusha imani hiyo. Mrushaji wa softiboli huuzungusha mkono duara zima kama kinu cha upepo, na nguvu inayolivuta bega lake wakati huo inaweza kukaribia uzito wa mwili wake. Akirudia tendo hilo mara 100 kwa siku huku misuli imechoka, maumivu si jambo la kushangaza.

Dunia ilishuhudia ukubwa wa mzigo huo katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, ambapo Yukiko Ueno wa Japani alirusha mipira 413 katika mechi tatu ndani ya siku mbili, na katika fainali nchi yake ikaifunga Marekani 3-1. Alisifiwa, na alistahili. Lakini Ueno alikuwa na umri wa miaka 26 na mwili uliojengwa kwa kazi hiyo. Mtoto wa miaka 10 hawezi kupimwa kwa kipimo chake.

Kampeni ya madaktari wa mifupa wa michezo nchini Marekani, STOP Sports Injuries, inashauri kwamba mtoto wa miaka 8 hadi 10 asirushe zaidi ya mipira 50 kwa mechi wala zaidi ya 80 kwa siku, na asirushe kabisa siku ya tatu mfululizo. Kocha aliyepata mafunzo huja uwanjani na daftari la kuhesabia. Asiyefunzwa husubiri mtoto aseme kwamba anaumwa, na mtoto anayetaka kumfurahisha kocha wake mara nyingi hasemi.

Wataalamu wanapopingana

Kocha mpya atakayehudhuria kliniki mbili atakutana na jambo la kutatanisha: wakufunzi hawakubaliani katika kila kitu.

Mfano ni namna ya kumalizia urushaji. Wapo waliofundisha kwa muda mrefu kwamba mrushaji akiachia mpira anyanyue kiwiko kwa makusudi hadi usawa wa uso. Wengine, wakitumia picha za video za mwendo wa polepole, hueleza kwamba warushaji hodari hawafanyi hivyo. Mkono wao hujizungusha kwa ndani wenyewe na kupita kifuani bila kulazimishwa.

Katika hali hiyo kocha hapaswi kumfuata mwenye jina kubwa kwa sababu ya jina lake. Amwombe mkufunzi aeleze sababu, na aonyeshe kwenye video mchezaji wa kiwango cha juu akifanya kile anachokifundisha. Mkufunzi wa kweli hakasiriki akiulizwa.

Vilevile, kocha ajihadhari na tamaa ya kuyabeba yote. Anayerudi na mazoezi mapya 30 na kuyamwaga kwa watoto kwa siku moja huwachanganya. Inafaa achague jambo moja au mawili, ayajaribu kwa wiki mbili, kisha amwombe kocha mzoefu aje ayatazame mazoezi yake. Wakufunzi wengi husema kwamba kliniki hufungua mlango tu, na ukocha wenyewe hujengwa kwa kutazamwa na kusahihishwa.

Na huku kwetu?

Softiboli si mchezo mkubwa Afrika Mashariki, lakini huchezwa katika baadhi ya shule na klabu za Kenya, Uganda na Tanzania. Jijini Dar es Salaam, uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani katika Shule ya Sekondari Azania ulizinduliwa mwaka 2018.

Mwalimu wa shule hapa anayekabidhiwa timu ya softiboli hana tofauti kubwa na yule mzazi wa Marekani, isipokuwa kwamba pengine hakuwahi kuucheza mchezo huo, na glovu alizonazo hazitoshi nusu ya wachezaji. Hata hivyo, mengi ya yale yanayofundishwa katika kliniki hayahitaji fedha. Kuligawa kundi katika vituo, kuhesabu mipira ya mrushaji na kumsahihisha mtoto bila kumdhalilisha hakugharimu hata shilingi moja.

Hamasa inaweza kuongezeka softiboli itakaporejea katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, baada ya kutokuwamo katika michezo ya Paris mwaka 2024. Mechi zake zimepangwa kuchezwa Oklahoma City. Wasichana watakaozitazama kwenye televisheni watataka kujaribu, na wataanza kwa kuuzungusha mkono kama walivyoona.

Hapo ndipo atakapohitajika mtu mzima wa kusimama kando yao, anayejua mkono huo unapaswa kupita wapi na ni wakati gani wa kusema: "Inatosha kwa leo, binti yangu, kapumzike."