Ng'ombe anaumwa, au anakaribia kukauka? Siri iliyomo katika seli za maziwa

Kwa mfugaji mwenye ng'ombe mmoja au wawili bandani katika mitaa iliyobanana ya Kampala, kama Namuwongo, swali hili hurudi kila ndama anapokua: maziwa yanapopungua na kipimo kuonyesha seli nyingi, je, ng'ombe anaumwa au wakati wake wa kukaushwa umewadia? Akidhani ni ugonjwa ilhali si ugonjwa, atanunua dawa bure na kumwaga maziwa kwa siku kadhaa. Akipuuza ugonjwa uliopo, huenda akapoteza chuchu moja kabisa, huku majirani wakiendelea kununua maziwa hayo.

Seli zinazohesabiwa ni hasa chembe nyeupe za damu, zinazokimbilia kwenye kiwele vijidudu vinapoingia. Kiwele chenye afya kwa kawaida huwa na chini ya seli 100,000 katika kila mililita ya maziwa. Zikizidi 200,000, wataalamu hushuku maambukizi, hata kama maziwa yanaonekana meupe na safi. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa 400,000 kwa maziwa mabichi ya ng'ombe yanayopokelewa kutoka shambani. Marekani ni 750,000.

Hesabu hiyo haitulii mahali pamoja. Siku chache baada ya kuzaa, wakati wa dang'a, huwa juu. Kisha hushuka, na huwa chini kabisa maziwa yanapokuwa mengi, takriban mwezi wa pili. Kuelekea mwisho wa kipindi cha kukamuliwa, ambacho hukadiriwa kuwa miezi kumi, hupanda tena. Mwenendo kama huo huonekana pia kwa nyati wa maziwa wanaofugwa India na Pakistan, ambao si hawa wa mbuga za Uganda.

Sababu mojawapo ya kupanda huko ni hesabu nyepesi. Tuseme ng'ombe anatoa lita 12 zenye seli 60,000 kwa mililita. Akishuka hadi lita 4, na seli zikabaki zilezile, kila mililita itakuwa na 180,000. Hata hivyo, bado hajavuka 200,000. Kwa hiyo uchache wa maziwa peke yake ni kisingizio dhaifu kwa hesabu ya laki tano au zaidi.

Njia ya kutofautisha imo katika umbile la kiwele chenyewe. Kina sehemu nne, kila moja na chuchu yake, na maziwa yake hayachanganyiki na ya jirani. Ukaribu wa kukauka hugusa sehemu zote nne karibu sawasawa. Maambukizi mara nyingi huanza katika moja au mbili. Ndiyo maana kipimo kilichobuniwa California mwaka 1957 hutumia kibao chenye vikombe vinne: maziwa ya kila chuchu huchanganywa na dawa inayofanana na sabuni, na yenye seli nyingi huwa mazito kama uji. Katika siku za dang'a, kipimo hicho hupotosha.

Mnunuzi anayechemsha maziwa huua vijidudu vingi, lakini mabaki ya antibiotiki hayaondoki yote kwa moto. Bandani, chuchu yenye maziwa mazito hukamuliwa mwisho, maziwa yake yakiwekwa kando hadi daktari wa mifugo amwangalie ng'ombe.