Pipa Linalosema "Nimejaa": Je, Latufaa Sisi wa Vijijini?



Mara hii twataka kuzungumza juu ya taka, na juu ya chombo kimoja cha mijini ambacho huenda siku moja mkaletewa na watu wa miradi. Chombo chenyewe huitwa kihisi. Ni kifaa kidogo kinachofungwa ndani ya mfuniko wa pipa la taka, kazi yake kueleza pipa limejaa kiasi gani. Msicheke, kinaeleza kweli.

Wavuvi wa Mkwiro wataelewa upesi kuliko wengine, maana pomboo wanaowaona huko Kisite wana ujuzi uo huo. Pomboo hutoa sauti, ile sauti hugonga samaki na kurudi, naye kwa mwangwi huo hujua samaki yuko wapi. Kihisi nacho hutoa sauti nyembamba mno, sikio la mtu haliisikii. Sauti inashuka, inagonga taka, inarudi. Ikichelewa kurudi, pipa ni tupu. Ikirudi mara moja, limejaa. Kisha kifaa hutuma habari kwa mtandao kama ule wa simu, na mtu aliye ofisini huona mapipa gani yako tayari. Lori huagizwa liende kwa hayo, yale mengine yangoje.

Mji wa Philadelphia huko Marekani ulianza mwaka 2009 kuweka mamia ya mapipa yanayotoa habari hivi. Zamani lori lilipita mara 17 kwa wiki. Baadaye ikawa mara 5. Lakini tuseme ukweli wote: mapipa yale pia yalishindilia taka kwa nguvu za jua, kwa hiyo yalichukua zaidi kabla ya kujaa. Si kifaa peke yake kilichofanya kazi.

Sasa Mkwiro hakuna lori. Kisiwa cha Wasini chote hakina barabara ya magari, na chini ni jiwe la matumbawe, hata kuchimba shimo la taka ni taabu. Chupa za plastiki zikikusanywa lazima zivuke kwa boti hadi Shimoni, maana wanunuzi wako bara. Hapo ndipo pesa za kikundi hupotea. Hebu tupige hesabu ya mfano tu, bei za kwenu mtaziuliza wenyewe. Tuseme kuvusha mzigo ni shilingi 800, na mnunuzi anatoa shilingi 20 kwa kilo. Mkivusha kilo 30 mnapata 600. Mmetoa mfukoni shilingi 200 ili kuuza taka! Mkingoja hadi kilo 100 mnapata 2,000, na 1,200 zabaki kwa mweka hazina. Chupa ni zile zile, bahari ni ile ile. Tofauti ni kujua wakati wa kuvuka.

Basi swali la kijiji ni lile lile la mjini: nani atatuambia mzigo umetosha? Kwa maoni yetu, kazi hiyo yafanywa vizuri na magunia ya nyavu kuukuu, yakitundikwa kwenye miti mahali watu wanapopita. Fungeni utepe mwekundu kwenye robo tatu ya kila gunia. Chupa zikifika kwenye utepe, jirani wa hapo amwambie katibu au atume ujumbe wa simu, naye aandike kwenye daftari. Magunia yakifika idadi ya kujaza boti, ndipo nahodha aitwe. Na chupa zikanyagwe kwanza, kifuniko kimefunguliwa, kwani chupa isiyokanyagwa ni kusafirisha upepo. Kumbukeni kilo moja yataka chupa ndogo hamsini au zaidi.

Taka za ufukweni zina kalenda yake, na kalenda hiyo ni bure. Maji ya bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hupanda juu kabisa na kuacha mstari wa mwani na plastiki. Kuokota kabla ya bamvua au siku za maji mafu ni kujichosha. Okoteni mara tu baada yake, kabla bamvua nyingine haijaja kuzirudisha baharini.

Mabaki ya chakula na magamba ya samaki yasiingie kabisa katika magunia haya. Si usafi tu: sheria ya Kenya ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, tangu nyumbani. Na mnunuzi akikuta chupa zanuka samaki, atakata bei, au atawarudishia mzigo wenu gatini.

Je, mtu akija na vile vihisi tukatae? La, lakini kabla ya kutia sahihi mwulizeni mambo haya. Betri ikifa nani ataibadilisha? Mtandao utalipiwa na nani mradi ukiisha? Chumvi ya bahari inayokula hata misumari, kifaa kitaistahimili miaka mingapi? Na kama pipa likisema limejaa siku ambayo kusi imechafua bahari na boti haiwezi kuvuka, atakuja nani? Majibu yake yaandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu za mkutano, mwenyekiti na mgeni wote watie sahihi.