Kwa Nini Asilimia Tano, Wala si Sufuri?

Siku mwalimu wetu wa Biashara aliposema kwamba serikali yenyewe hulenga bei zipande kwa asilimia 5 kwa mwaka, Kidato cha Tatu kizima kilipiga kelele. Mimi nilikuwa wa kwanza. Mama yangu huuza mahamri karibu na steji ya Garsen, na karo yangu hutoka katika karai hilo.

Kumbe lengo hilo huwekwa na Waziri wa Fedha, na Benki Kuu ya Kenya ndiyo hutakiwa kulifikia. Tena limeachiwa nafasi: laweza kushuka hadi 2.5 au kupanda hadi 7.5.

Nafasi ya nini? Tazama lile karai. Ngano nyingi ya Kenya hutoka ng'ambo. Mafuta ya kupikia asili yake ni mawese ya Malaysia na Indonesia. Hata lori liletalo unga kutoka Mombasa lanywa dizeli iliyonunuliwa kwa dola. Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka wa 2022, mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6 mwezi wa Oktoba, na hamri la mama likapungua ukubwa. (Wateja hugundua, msidhani!)

Silaha ya Benki Kuu ni riba. Ikipanda, watu hukopa na kununua kidogo, na wenye dola huvutiwa kuweka akiba kwa shilingi. Februari 2024 ilifikishwa asilimia 13. Kufikia Oktoba mfumuko ulikuwa 2.7. Lakini mama naye aliacha kukopa pesa za jiko la pili. Riba haishushi bei ya mafuta Arabuni, wala haileti mvua. Lau lengo lingekuwa sufuri kamili, kila bei ya ng'ambo ikitikisika wangebanwa wakopaji wa hapa. Sisi wa kando ya Tana hatujengi kwa kipimo cha maji ya kiangazi.

Ila nafasi ikizidi ni balaa. Mwaka wa 1993, baada ya fedha kumwagwa ovyo wakati wa uchaguzi wa 1992, mfumuko ulikaribia asilimia 46.

Jioni nilimweleza mama haya yote. Akaniuliza, "Hiyo tano ni ya kapu la nani?" Nikamjibu ni la Kenya nzima, na chakula ni kama theluthi yake. La kwetu karibu lote ni chakula. Basi akacheka, akanituma unga.