Mihogo Michungu na Miguu Iliyofungwa

Wewe mama unayepika ugali wa mihogo, na wewe baba unayeula, sikilizeni. Mtoto alilala mzima. Asubuhi alisimama, magoti yakakaza, akaanguka. Hana homa. Tangu siku ile anatembea kwa ncha za vidole, miguu ikipishana kama mkasi. Jamaa wanauliza nani amemloga. Usitafute mchawi, ndugu. Tazama unga wako.

Ugonjwa huu unaitwa konzo. Jina ni la Wayaka wa Kwango, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Munganga Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Baadaye wataalamu walibishana. Wengine walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, wakatafuta virusi katika damu, wasivione. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipooza kaskazini ya Msumbiji. Ikaonekana walikula mihogo michungu isiyotengenezwa vizuri, bila samaki wala maharagi. Sumu yake ni sianidi. Mwili huivunja nguvu kwa msaada wa vyakula vya kujenga mwili. Anayekula mihogo mitupu hana silaha. Watoto na mama wenye umri wa kuzaa ndio wanaopatwa zaidi.

Lakini kwa nini watu wanaojua kulowesha mihogo tangu mababu wapatwe? Katika Bandundu wanawake walilowesha siku tatu. Barabara nzuri ya Kinshasa ilipopatikana, malori yakaja, mihogo ikawa fedha, nao wakaanza kuitoa majini baada ya siku moja. Nani atailaumu barabara? Sisi wenyewe tunaomba barabara katika sala zetu! Lakini wenye kupanga barabara na wenye kutibu miguu hawakai meza moja, na mama mwenye kulowesha haitwi kabisa.

Konzo imeonekana Kivu ya Kusini pia, katika nchi iliyoteswa na vita. Nilipofundisha habari ya siku tatu, mama mmoja alinijibu, “Baba munganga, nikiiacha mtoni siku tatu, wezi wataila. Na watoto wanalia leo.” Sikuwa na jibu. Soma 2 Wafalme 4: yule aliyetia matango ya porini chunguni wakati wa njaa hakuwa mtu mbaya. Hakuyajua tu.

Leo ninalo jibu. Munganga Bradbury wa Australia alilitafuta, na wanawake wa Popokabaka walipolifuata, hakupatikana mgonjwa mpya kwao. Lowesha kadiri uwezavyo, kausha, twanga. Kisha weka unga katika bakuli, utie alama mahali unapofika. Mimina maji ukikoroga. Unga utashuka kwanza, halafu utapanda. Ukifika kwenye alama, acha. Utandaze mwembamba juu ya mkeka safi, usipite unene wa kidole. Uache juani muda wa saa mbili, au kivulini saa tano. Sumu itatoka na hewa. Upike ugali siku ile ile, na maharagi au ndagala, hata kidogo.

Aliyekwisha kupatwa hana dawa ya kumrudishia miguu. Mchongee fimbo, umpeleke shule.  Lakini kama miguu ya mtoto imelegea kama kamba, pengine ni polio. Mlete hospitali leo, usingoje kesho.